Kupanuka na Kupanuliwa: Historia ya Vituo vya Data vya Google, 1998–2022, na Maswali Yake kwa Afrika Mashariki

Ikisiri

Makala haya yanafuatilia historia ya ujenzi wa vituo vya data vya kampuni ya Google tangu 1998, kampuni hiyo ilipoanzishwa na kuishi kama mpangaji katika majengo ya wengine, hadi 2022, kilipofahamika hadharani kiasi cha maji ambacho vituo vyake vilitumia katika mji mdogo wa The Dalles, jimbo la Oregon, Marekani. Hoja kuu ni kwamba miundombinu hiyo haikupanuka yenyewe bali ilipanuliwa, na kila hatua ya upanuzi ilihamisha mzigo kutoka kwa mbebaji mmoja kwenda kwa mwingine: kutoka kwenye mashine kwenda kwenye programu, kutoka kwa mwenye jengo kwenda kwa kampuni yenyewe, na hatimaye kutoka kwa kampuni kwenda kwenye mto na mji. Kwa kutumia tofauti ya kisarufi iliyopo kati ya kauli ya kutendeka na kauli ya kutendwa, makala yanapendekeza namna ya kuandika sera na mikataba ya vituo vya data kwa Kiswahili ili mbebaji wa kila mzigo atajwe.

1.0 Utangulizi

Mtoto aliyeangusha kikombe humwambia mama yake, "Kikombe kimevunjika." Hasemi, "Kikombe kimevunjwa," kwa sababu anajua swali litakalofuata. Wanasarufi wa Kiswahili wametueleza kwa muda mrefu kwamba kauli ya kutendwa inaruhusu mtenda atajwe kwa kiunganishi *na*: kikombe kimevunjwa na mtoto. Kauli ya kutendeka haimpi mtenda nafasi hiyo. Kikombe kimevunjika, basi. Hakuna wa kuulizwa.

Tofauti hii ndiyo iliyonisukuma kuandika makala haya. Katika kazi ya kusahihisha tafsiri za nyaraka za sera ya teknolojia, nimekutana mara nyingi na maneno "miundombinu inayopanuka kadiri ya mahitaji". Kisarufi maneno hayo hayana kosa. Kauli ya kutendeka hubeba pia maana ya uwezekano: tunasema njia inapitika, chakula kinalika, na kwa mantiki hiyohiyo miundombinu inapanuka, yaani inaweza kupanuliwa. Tatizo huanza pale msomaji, na hasa mshauri wa sera, anapoteleza kutoka maana ya uwezekano kwenda maana ya hali inayojitokea. Huanza kuamini kwamba kituo cha data kikishajengwa vizuri kitakua chenyewe kama mti uliopandwa penye maji.

Swali la makala haya ni la kihistoria. Kampuni ya teknolojia inapokua kwa kasi, nani hupanua miundombinu yake, na nani hubeba gharama ya upanuzi huo? Nimechagua kisa cha Google kwa sababu mbili. Kwanza, wahandisi wake wenyewe wameandika kwa kina kuhusu mifumo waliyoijenga, kwa hiyo historia yake ya kiufundi inajulikana kuliko za wengine wengi. Pili, vituo vya aina hiyo vimekuwa kigezo kwa kampuni nyingine na kwa serikali, zikiwemo zetu. Sehemu ya 2 hadi ya 5 zinafuata historia hiyo kwa mpangilio wa wakati. Sehemu ya 6 inarejea Afrika Mashariki, na ya 7 inahitimisha kwa mapendekezo.

2.0 Mpangaji wa kizimba, 1998–2000

Google iliandikishwa kuwa kampuni mnamo Septemba 1998. Waanzilishi wake, Larry Page na Sergey Brin, walikuwa wanafunzi wa uzamivu katika Chuo Kikuu cha Stanford, na mradi wao wa kutafuta kurasa za mtandao ulikuwa umeanza miaka miwili kabla kwa vifaa vya kuokoteza. Diski za awali ziliwekwa ndani ya kasha lililoundwa kwa matofali ya kuchezea ya Lego. Kasha hilo limehifadhiwa Stanford, na wageni hulitazama kwa tabasamu, lakini lina ushahidi muhimu: kanuni ya kutumia kifaa cha bei nafuu badala ya kifaa bora ilikuwepo kabla ya kampuni kuwepo.

Mapema 1999 mashine za kampuni zilikuwa katika kituo cha data cha kampuni ya Exodus mjini Santa Clara, California. Urs Hölzle, aliyekuwa mkuu wa kwanza wa uhandisi wa Google, ameeleza kwamba alipotembelea mahali hapo Februari 1999 alikuta kizimba cha waya chenye eneo la takriban mita 2.5 za mraba, ndani yake kompyuta zipatazo 30. Vizimba vya jirani vilikuwa vya kampuni kubwa za siku hizo, zikiwemo eBay na AltaVista. Google ilikuwa mpangaji mdogo katika jengo la watu wengine.

Masharti ya upangaji ndiyo yaliyoamua umbo la mashine. Mpangaji alitozwa hasa kwa eneo la sakafu, wala si kwa umeme aliotumia. Kwa hiyo ilimfaa kurundika kompyuta nyingi iwezekanavyo katika nafasi ndogo. Mwaka 1999 wahandisi wa Google walibuni makabati ambayo leo yanahifadhiwa katika makumbusho ya historia ya kompyuta. Kila sinia ndani ya kabati lilibeba bodi kuu kadhaa za kompyuta zilizogawana kifaa kimoja cha kuleta umeme, bila kasha wala kifuniko. Ili bodi zisiguse chuma na kuleta hitilafu ya umeme, chini yake walitandika tabaka la kizibo, yaani lile gome jepesi linalotumika kuziba chupa.

Tunaweza kuona hapa mzigo wa kwanza ukihamishwa. Kampuni nyingine zilinunua seva za bei kubwa ambazo watengenezaji walizidhamini. Google ilinunua vipande vya kawaida vya kompyuta za mezani. Fedha iliyookolewa ilikuwa nyingi, lakini mashine ziliharibika mara kwa mara, na kila aliyezihudumia alijua hivyo. Pamoja na unafuu huo, umeme na joto vilibaki kuwa tatizo la mwenye jengo. Mpangaji alipanuka, mwenye jengo ndiye aliyekuwa akipanua.

3.0 Mzigo wahamia kwenye programu, 2000–2004

Gharama ya uamuzi huo ilijitokeza mapema mwaka 2000. Ili mtambo wa kutafuta ufanye kazi, ni lazima kwanza kurasa za mtandao zipitiwe na kutengenezewa faharasa, kama ile iliyo mwishoni mwa kitabu, ila kubwa mno. Kazi hiyo ya kutengeneza faharasa mpya ilikuwa imekwama kwa miezi kadhaa. Watumiaji waliendelea kupata majibu, lakini majibu hayo yalitoka katika faharasa iliyokuwa imepitwa na wakati. Wahandisi, miongoni mwao Jeff Dean na Sanjay Ghemawat, walipochimba hadi chini kabisa waligundua kwamba chanzo hakikuwa programu. Kumbukumbu za kompyuta zile za bei nafuu zilikuwa zikibadilisha tarakimu kimyakimya, 0 ikawa 1 na 1 ikawa 0, bila kutoa taarifa yoyote ya hitilafu.

Ugunduzi huu ulitokea wakati ambapo kampuni haikuwa na nafasi ya kushindwa. Juni 2000 Google ilitangazwa kuwa mtoaji wa huduma ya kutafuta kwa Yahoo, moja ya tovuti zilizotembelewa zaidi duniani, na wakati huohuo ilitangaza faharasa ya kurasa bilioni 1. Njia mbili zilikuwa wazi. Ya kwanza ilikuwa kununua mashine bora zisizoharibika kwa urahisi. Ya pili ilikuwa kukubali kwamba mashine zitaharibika kila siku, kisha kuandika programu inayotarajia uharibifu huo. Google ilichagua ya pili.

Matokeo ya uchaguzi huo yanaonekana katika maandishi matatu ambayo wahandisi wa kampuni waliyachapisha. Mwaka 2003 Luiz André Barroso, Jeff Dean na Urs Hölzle walieleza muundo wa mtambo wa kutafuta uliokuwa ukitumia zaidi ya kompyuta 15,000 za kawaida. Walieleza kuwa swali moja tu la mtumiaji lilihitaji kusoma mamia ya megabaiti za data, na kwamba kazi hiyo iligawanywa kwa mashine nyingi ili jibu litoke upesi. Mwaka huohuo Ghemawat, Howard Gobioff na Shun-Tak Leung walieleza mfumo wa kuhifadhi mafaili ambao ulikata kila faili katika vipande vya megabaiti 64 na kuweka nakala 3 za kila kipande katika mashine tofauti. Mashine moja ikifa, mfumo huhesabu nakala zilizobaki na kutengeneza nyingine bila kumsubiri mtu. Mwaka 2004 Dean na Ghemawat walieleza mfumo wa MapReduce, ambao ulimwezesha mtayarishaji programu kuandika hesabu yake kana kwamba anatumia mashine moja, huku mfumo ukigawa kazi hiyo kwa maelfu ya mashine na kurudia sehemu zilizoshindwa.

Wazo lililo nyuma ya maandishi hayo matatu ni moja: hitilafu si ajali, ni hali ya kawaida. Wahenga wetu walisema kidole kimoja hakivunji chawa, nao walikuwa wakisifu ushirikiano wa vidole vizima. Wahandisi hawa walikwenda hatua moja mbele. Walipanga ushirikiano wa vidole ambavyo baadhi yake, wakati wowote, vimeshakatika.

Kwa mtafiti wa historia, jambo la kuzingatia ni kwamba uhimilivu wa mfumo haukutoweka katika mashine na kujitokeza kwingine bila gharama. Ulihamishiwa kwenye programu, na programu ni kazi ya watu. Nchi au kampuni inayoiga kanuni ya mashine nafuu bila kuwa na wahandisi wa kuandika na kutunza programu ya namna hiyo huwa imenunua hitilafu tupu.

4.0 Kutoka kupanga hadi kumiliki, 2001–2009

Septemba 2001 Exodus, yule mwenye jengo wa Santa Clara, iliomba ulinzi wa mahakama kwa kufilisika. Mporomoko wa kampuni za mtandao ulikuwa umeacha vituo vingi vya data bila wapangaji, na kwa miaka michache Google iliweza kupanga nafasi kwa bei ya chini. Lakini wakati huo ulikuwa na mwisho. Idadi ya mashine ilipozidi makumi elfu, mpangaji hakuweza tena kumwachia mwenye jengo suala la umeme na joto. Karibu umeme wote unaoingia katika seva hutoka ukiwa joto, na joto hilo lisipoondolewa mashine hufa. Katika vituo vingi vya wakati huo, kwa kila uniti moja iliyotumiwa na kompyuta, karibu uniti nyingine nzima ilipotea katika upozaji na usambazaji wa umeme.

Kampuni ikaanza kujenga majengo yake. Kituo kimoja ambacho kilianza kazi mwaka 2005, lakini kikawekwa wazi kwa umma Aprili 2009 tu, kilikuwa na makontena 45 ya aina ile inayobebwa na meli, kila moja likiwa na uwezo wa kubeba seva 1,160. Kila seva ilikuwa na betri yake ndogo ya volti 12. Betri hizo zilichukua nafasi ya mitambo mikubwa ya akiba ya umeme ambayo kwa kawaida hukaa katika chumba chake na kula sehemu ya umeme unaopita ndani yake.

Kipimo cha mafanikio kilikuwa uwiano wa umeme wote unaoingia katika kituo kwa umeme unaozifikia kompyuta. Kituo kisichopoteza chochote kingekuwa na uwiano wa 1. Vituo vya kawaida vilikuwa karibu na 2. Google ilitangaza wastani wa takriban 1.2 kwa vituo vyake, na katika miaka ya karibuni wastani huo umeshuka hadi karibu 1.1. Mwaka 2009 Barroso na Hölzle walichapisha kitabu kilichotoa jumla ya mawazo haya. Hoja yao ilikuwa kwamba kituo cha data si jengo lililojaa kompyuta. Jengo zima, pamoja na umeme na upozaji wake, ndilo kompyuta.

Hoja hiyo ni sahihi kiufundi, na ina matokeo ambayo waandishi wake hawakuwa na haja ya kuyafuatilia. Ikiwa jengo ni kompyuta, basi bwawa linaloliletea umeme na bomba linaloliletea maji navyo ni sehemu ya kompyuta hiyo. Mipaka ya mashine imefika mtoni.

5.0 Mto, mji na maji: The Dalles, 1957–2022

The Dalles ni mji wa watu wapatao 16,000 kando ya mto Columbia. Mwaka 2005 kampuni yenye jina lisilojulikana ilitafuta ardhi huko, na maofisa wa eneo hilo walitia saini ahadi za kutotoa siri. Kufikia mwaka 2006 majengo ya Google yalikuwa yamekwisha kusimama. Mji ulikuwa na vitu vitatu vilivyohitajika: ardhi, mkongo wa mawasiliano ambao mamlaka za eneo zilikuwa zimeshiriki kuujenga, na umeme wa maji wa bei nafuu. Kiwanda cha kuyeyusha alumini, ambacho hapo awali kilivutwa na umeme huohuo, kilikuwa kimesimamisha kazi.

Umeme huo ulikuwa na historia yake. Bwawa la The Dalles lilipojaa Machi 1957, maji yalifunika maporomoko ya Celilo, mahali ambapo wenyeji asilia wa eneo hilo walikuwa wamevua samaki na kufanya biashara kwa maelfu ya miaka. Hakuna aliyelijenga bwawa lile kwa ajili ya Google. Lakini mtu anayeandika kwamba kampuni "ilinufaika na umeme nafuu" anaandika sentensi isiyo na mtenda. Unafuu huo ulilipwa, miaka 49 kabla ya kituo kufunguliwa, na watu waliopoteza mahali pao pa kuvulia.

Mzigo wa mwisho ulikuwa maji. Njia mojawapo ya kupunguza umeme wa upozaji ni kuacha maji yavukize, kwa kuwa mvuke huondoka na joto. Njia hiyo hushusha ule uwiano wa umeme, na kwa kipimo hicho kituo huonekana bora. Lakini uwiano huo haupimi maji hata kidogo. Gazeti la The Oregonian lilipoomba takwimu za maji, mji ulikataa, na mwaka 2021 ukafungua kesi ili takwimu hizo zibaki siri ya kibiashara. Mwezi Novemba mwaka huo baraza la mji liliidhinisha makubaliano ya kupanua mfumo wa maji kwa ajili ya vituo zaidi. Kesi ilimalizwa kwa maelewano Desemba 2022, na takwimu zikatolewa: mwaka 2021 vituo vya Google vilitumia zaidi ya robo ya maji yote yaliyotumika mjini.

Si haki kusema kwamba hakukuwa na njia nyingine. Mwaka 2009 kampuni hiyohiyo ilinunua kiwanda cha karatasi kilichofungwa huko Hamina, Ufini, na mwaka 2011 ikafungua kituo kinachopozwa kwa maji ya bahari yanayopita katika handaki lililoachwa na kiwanda. Huko Saint-Ghislain, Ubelgiji, ilitumia maji ya mfereji yaliyosafishwa badala ya maji ya kunywa. Tofauti ya maeneo haya matatu haikutokana na wema wala ubaya wa kampuni. Ilitokana na mahali, na na kile ambacho kila mahali palitoa, palidai au palinyamazia.

6.0 Upande wetu wa bahari

Historia hii inatuhusu kwa njia ya moja kwa moja. Safaricom ilipozindua M-Pesa nchini Kenya Machi 2007, Kenya, Tanzania na Uganda zilikuwa bado zikitegemea setilaiti kwa mawasiliano ya intaneti na nchi za mbali. Mkongo wa SEACOM ulifika katika pwani yetu Julai 2009, ukifuatana na TEAMS mwaka huohuo na EASSy mwaka 2010. Idadi ya wateja wa M-Pesa ilivuka milioni 1 kabla ya mwaka wa kwanza kumalizika, kasi ambayo wabunifu wake hawakuitarajia. Kwa miaka yote hiyo, hadi 2015, seva zilizoendesha huduma hiyo zilikuwa Ulaya. Mtu wa Nairobi aliyemtumia mama yake wa Kakamega shilingi 500 alikuwa akituma ujumbe uliovuka bahari na kurudi kabla simu ya mama haijalia. Mwaka 2015 mfumo ulihamishwa kutoka Ujerumani na kuletwa Kenya.

Uhamisho huo ulipokelewa, na kwa haki, kama hatua ya kujitegemea. Lakini kwa mtazamo wa makala haya ulikuwa pia uhamisho wa mzigo. Kabla ya 2015 umeme, upozaji na ulinzi wa seva hizo ulikuwa wa nchi nyingine. Baada ya hapo ukawa wetu. Yeyote anayesema "data zetu zirudi nyumbani" hana budi kusema pia nyumba hiyo itapozwa kwa maji gani.

Sheria zetu zimeanza na upande mmoja wa swali hilo. Kenya na Uganda zilitunga sheria za kulinda data binafsi mwaka 2019, Rwanda mwaka 2021 na Tanzania mwaka 2022. Sheria hizo zinauliza, kwa viwango tofauti, data ziko wapi na nani anaruhusiwa kuzigusa. Hayo ni maswali ya lazima. Hata hivyo, swali la maji ya kata, umeme wa gridi na ardhi ya kijiji si la sheria za faragha, na mara nyingi hukaa katika mkataba ambao mwananchi hauoni. Mwezi Mei 2024 kampuni za Microsoft na G42 zilitangaza mpango wa kujenga kituo kikubwa cha data huko Olkaria, Kenya, kitakachotumia umeme wa jotoardhi. Mipango ya namna hiyo itaongezeka. Kila mmoja una The Dalles yake.

Lugha nayo imo ndani. Kiswahili kiliingizwa katika huduma ya tafsiri ya Google mwaka 2009, na tangu hapo sentensi zetu huchakatwa katika majengo ya aina niliyoieleza. Istilahi tuliyoizoea, yaani "wingu", inaficha ukweli huo. Katika matumizi yetu ya kawaida wingu ni kitu cha juu, kisicho na mwenyewe, kinachopita. Halina mlango wala bili ya maji. Istilahi "kituo" ni tofauti kabisa. Imetokana na kitenzi *tua*: kituo ni mahali msafiri anapotua mzigo. Kituo kina ardhi, kina mlinzi, na kina jirani. Anayeombwa maoni kuhusu wingu hudhani suala ni la wataalamu wa kompyuta pekee. Anayeombwa maoni kuhusu kituo hujua kuwa na yeye ana la kusema.

7.0 Hitimisho na mapendekezo

Historia ya Google inaonyesha hatua tatu. Katika ya kwanza, uhimilivu ulitolewa kwenye mashine ukawekwa kwenye programu, yaani juu ya watu wanaoiandika. Katika ya pili, umeme na joto vilitolewa kwa mwenye jengo vikawa vya kampuni. Katika ya tatu, sehemu ya mzigo wa kampuni ilitua juu ya mto na mji. Katika hatua zote tatu hapakuwa na kitu kilichopanuka chenyewe. Kila mara palikuwa na *na*.

Kutokana na hayo napendekeza mambo matatu kwa watafiti wenzangu na kwa wanaoshauri serikali zetu.

Kwanza, istilahi "wingu" ibaki kwa huduma inayouzwa, na "kituo cha data" litumike kwa jengo. Sera zinapozungumzia uwekezaji, ardhi, umeme na maji, zitumie la pili.

Pili, waandishi na wafasiri wa sera waepuke kauli ya kutendeka pale ambapo kuna mtenda. Badala ya "uwezo utapanuka kadiri ya mahitaji", iandikwe nani ataupanua, kwa fedha ya nani, kwa umeme kutoka wapi na kwa maji kiasi gani kwa mwaka. Ikiwa mwandishi hawezi kuijaza nafasi iliyo baada ya *na*, basi sera haijawa tayari, na kasoro yake ni ya maudhui kuliko ya lugha.

Tatu, kila mkataba wa kituo kikubwa cha data uambatane na muhtasari wa Kiswahili unaotaja matumizi ya maji na umeme, na muhtasari huo uwekwe wazi katika ofisi za eneo husika kabla ya saini. Watu wa The Dalles walisubiri miaka 16 na kesi ya mahakamani ili wajue kiasi cha maji yao wenyewe. Nasi hatuna sababu ya kusubiri, kwa kuwa safari hii somo limetutangulia.

Tukifanya hivyo tutakuwa tumekitumia Kiswahili kwa kazi ambayo kina nyenzo zake tayari. Sarufi yetu inatofautisha kilichovunjika na kilichovunjwa. Mikataba yetu nayo itofautishe kinachopanuka na kinachopanuliwa, na pale kinapopanuliwa, itaje na nani.